Mlango Chini ya Ngoma za Baba Cele

Kila anayekuja hapa kwangu, mtaa wa Jacobs, kujifunza besi, jambo la kwanza namwambia avue viatu. Wengine mnadhani nimegeuza chumba kuwa msikiti. Wengine mnadhani naogopea zulia, na zulia lenyewe mmeliona, halina tena cha kuogopewa. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja. Viungo vya vidole vimevimba, kupiga siwezi zaidi ya dakika chache, na hata kuongea siku hizi kunanimaliza pumzi. Basi nimeandika. Someni, na kama kuna msichoelewa, ulizaneni wenyewe.

Mimi nilifika Durban miaka ya tisini ilipokuwa inakaribia kuisha. Kwetu Tanga nilikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi, na nilijiona fundi kweli. Hapa hakuna aliyenijua. Nikawa mbeba mizigo pale soko la Warwick, viazi na kabichi asubuhi, mabegi ya wasafiri mchana. Jirani na nilipokuwa nikipumzikia palikuwa na saluni ya Wakongo, na kinyozi wao mmoja, Pascal, mtu wa Lubumbashi, alikuwa amejifunza kupiga tromboni kwenye shule ya mapadri. Siku moja alinisikia nikijipigia besi kwa mdomo, dum dum dum, mzigo ukiwa kichwani.

"Yaya," akaniita, ndiyo kaka kwao, "weye iko mutu wa besi?"

Nikamwambia ndiyo, zamani.

"Basi kuja Jumamosi. Kuko bazee fulani, miye napiga nabo muziki ya zamani, ya masaksofoni mingi. Banatafuta mutu wa besi. Ule wao alikufa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kwa sababu mtu alikufa. Msishangae, kwenye bendi kubwa nafasi hupatikana hivyo.

Wazee wale walikuwa wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, nyumba ya kizamani yenye sakafu ya mbao. Kiongozi wao alikuwa Uncle Clarence, fundi cherehani mstaafu, mpiga saksafoni alto. Baba yake ndiye aliyeianzisha bendi. Muziki ule, ule wa Wamarekani wa kuchezea wawili wawili, ulifika hapa kwa santuri na sinema. Baba zao waliunasa kwa masikio, wakauandika kwa noti, wakaupiga kwenye kumbi za mji huu mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa nguvu, huyu akatupwa huku, yule kule. Bendi nyingi zilifia hapo. Hii ilibaki na karatasi zake. Kila wimbo una namba, na wao waliuita kwa namba tu, hakuna aliyejisumbua kutaja jina.

Karatasi ziliandikiwa watu wengi kuliko waliokuwepo. Palipotakiwa tarumbeta nne palikuwa na mbili. Kwa hiyo mtu wa saksafoni akimaliza sehemu yake, anaruka mstari, anapiga ya marehemu fulani, halafu anarudi kwake. Ukiwasikiliza kutoka nje hujui. Ukiwa ndani unaona jasho.

Nikauliza gitaa liko wapi. Uncle Clarence akanionyesha pembeni: dude la mbao, refu kunizidi, nyuzi nene kama kamba za kuanikia nguo. Nilisema sijawahi kupiga kitu hicho. Akasema, "Hata mimi sijawahi kupata mtu wa besi kwa siku moja. Sote tujaribu."

Wanangu, gitaa unalipeleka unakotaka. Besi kubwa ndiyo inayokupeleka. Siku ya kwanza vidole vilitoka malengelenge, ya pili yakapasuka, ya tatu nikavifunga plasta na sauti ikawa kama mtu anapiga godoro. Na joto la hapa lenye unyevu hulegeza gundi. Ukisikia besi inakoroma usilaumu nyuzi, pitisha mkono kwenye maungio ya ubavu, utakuta yameachia. Usiipeleke kwa seremala wa vitanda. Mimi niliipeleka, akaipigilia msumari. Uncle Clarence aliutazama msumari ule kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akaenda nje kuvuta sigara.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa yeye. Alikuwa mpiga ngoma, Baba Cele, Mzulu mmoja mkimya wa kanisani, aliyestaafu kwenye kiwanda cha mabati humu humu Jacobs. Tuliongea Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu changu kibovu. Hapa naweka Kiswahili ili tuelewane.

Mimi nilikuja na mambo ya dansi, noti nyingi, mapambo, kupanda na kushuka. Wimbo wa kwanza tu Baba Cele akaweka vijiti chini.

"Tanzania," akasema, maana jina langu hakulitumia hata siku moja, "unakimbilia wapi?"

"Sikimbii, Baba. Napamba."

"Usipambe. Nne tu. Moja, mbili, tatu, nne. Tembea kama mtu anayekwenda kazini. Hana furaha, hana haraka, ila atafika."

Nilikasirika. Baadaye nikaona saksafoni zote zimekaa juu ya zile nne zangu kama watu juu ya benchi. Ukiitikisa benchi, wote wanamwagika. Na yeye mwenyewe, ngoma ile kubwa ya mguu alikuwa anaigusa tu. Huisikii. Unaihisi tumboni, na ikiacha unajiuliza kuna nini kimekosekana. Wapiga ngoma wa sasa wanaipiga teke kama wanafukuza mbwa.

Aliipenda besi iwe karibu naye sana. Kiti chake na mguu wa besi yangu vilikuwa karibu kugusana. Nikisogea, ananiita nirudi. Nilidhani ni tabia ya uzee.

Halafu tukapata hoteli.

Ilikuwa hoteli ya ufukweni, na meneja wake alitaka muziki wa chakula cha mchana kila Jumapili, wageni wa makamo wale, wacheze kidogo, wale tena. Kwenu hilo ni jambo dogo. Kwa wazee wale ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kupiga mbele ya watu waliokaa kuwasikiliza. Uncle Clarence aliwashonea wote makoti mapya, hata mimi na Pascal.

Jukwaa lilikuwa kando ya bwawa la kuogelea, la zege, limepigwa vigae. Mfanyakazi wa hoteli akanipanga upande wa piano, mbali na ngoma, ili niwe chini ya mwavuli. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili, katikati, mdundo uligeuka. Pale sisi tunaposema moja, ngoma inasema mbili. Waliokuwa wanacheza wakasimama, wakatazamana miguu kama wanatafuta kitu kilichoanguka. Uncle Clarence akageuka.

"Cele! Umekunywa?"

Mzee wa kanisa yule, hajawahi hata kuonja. Alichukua brashi za kupigia ngoma, akainamisha kichwa, akapiga kidogo kidogo mpaka mwisho, kama mtu anayefagia chumba cha mgonjwa.

Wakati wa kufunga vyombo Pascal akanivuta kando.

"Yaya, ule muzee hasikie."

"Amechoka tu."

"Hapana. Miye nilimuita nyuma yake mara mingi. Hakugeuka hata kidogo. Hasikie, vraiment, kweli kabisa."

Siku ya mazoezi niliwahi ukumbini. Baba Cele alikuwa peke yake, ameinamia ngoma anakaza ngozi, mgongo kwangu. Nikamsalimia. Kimya. Nikamsalimia kwa sauti kubwa. Kimya. Nikakanyaga sakafu kwa kisigino, mara moja tu. Akageuka papo hapo.

Tulitazamana. Nilitamani nisingefanya vile.

"Haya," akasema. "Umejua."

"Tangu lini?"

"Mashine ya kukata mabati. Hatukupewa cha kuziba masikio, tulijiwekea pamba. Sauti ilianza kuondoka polepole, kwanza ndege, halafu watoto, halafu mke wangu." Alisema bila uchungu, kama anayetaja vituo vya treni. "Tarumbeta siku hizi naziona tu. Saksafoni naziona. Midomo yenu nayo naisoma, mkikaa mbele yangu. Lakini besi yako inaingia hapa," akagusa unyayo, "inapanda mpaka hapa," akagusa goti. "Namba zote nazijua, nimezipiga tangu sijaoa. Nikikushika wewe, sipotei. Pale hotelini sakafu imekufa. Haina kitu."

"Kwa nini humwambii Uncle Clarence?"

"Atanihurumia. Mtu akikuhurumia hakukatazi kupiga. Anaacha tu kukutegemea."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Jumapili ikiharibika tena, hoteli ingetuondoa, na pasingekuwa na pengine pa kuvalia yale makoti. Kumtoa Baba Cele nako kulikuwa kama kung'oa nguzo halafu utegemee paa. Nikampelekea Pascal shida hiyo, akaendelea kunyoa kichwa cha mtu huku anafikiri.

"Muzee anataka mbao," akasema mwishoni. "Si tumupe mbao. Hapa saluni tumebadilisha mulango. Ule wa zamani iko nje, mbao nzito, haina kazi."

Jumapili iliyofuata tulifika hotelini mapema na mlango nyuma ya pikapu ya mpiga tarumbeta mmoja. Mlango mzima, na tundu la kitasa. Tukaulaza juu ya vigae. Kiti cha Baba Cele huku, ngoma ya mguu hapo, na mimi na besi yangu pembeni, wote juu ya ubao mmoja.

"Huo mlango wa nini?" akauliza Uncle Clarence.

"Mguu wa besi unateleza kwenye vigae, Uncle." Ilikuwa kweli pia.

Nilivua viatu ili nijue kama ubao unasema. Nikapiga noti moja, nikaisikia inakwenda chini ya nyayo zangu na kuondoka. Baba Cele akafumba macho, akafumbua, akanipa ishara ya kichwa. Uncle Clarence akaita namba. Sijawahi, kabla wala baada, kupiga kama siku ile. Watu walicheza mpaka vyakula vikapoa mezani.

Tangu hapo nilijifunza besi upya. Kumbe noti ina kichwa na mkia, na mkia usipoukata vizuri unamfunika mwenzio. Kumbe pigo la kwanza la kila mzunguko linataka uzito kidogo, si sauti, uzito, ili aliye karibu ajue tuko wapi. Haya ndiyo ninayowasumbulia ninyi kila Jumamosi, na mnavuta midomo.

Mlango ulibeba mambo mengi, lakini haukubeba yote. Uncle Clarence alikuwa na desturi ya kubadilisha wimbo katikati kwa kupaza sauti: rudieni, ruka, malizeni. Alitazama wageni, mgongo kwetu. Mimi nilikuwa nampa Baba Cele ishara kwa kisigino, na mara nyingi ilitosha. Jumapili moja haikutosha. Mgeni mmoja alisimama ghafla kutoa hotuba ya harusi ya bintiye, Uncle Clarence akakata wimbo kwa neno moja, bendi nzima ikanyamaza. Baba Cele alikuwa ametazama sahani za shaba za ngoma zake. Akaendelea. Peke yake, taratibu, vizuri kabisa, mbele ya watu wote wale na uma zao hewani. Nikakanyaga. Akaacha.

Uncle Clarence akasema kwenye kipaza sauti, "Kuna mtu hapa anapenda sana kazi yake." Wageni wakacheka.

Baba Cele aliona vicheko.

Tulipokwenda mapumzikoni nyuma ya jiko, ambako walikuwa wanatupa wali na mchuzi wa kari, alisimama mbele ya Uncle Clarence. Sote tulikuwa na sahani mikononi.

"Clarence, mimi sisikii," akasema. "Ni miaka sasa. Si leo."

Hakuna aliyetafuna. Uncle Clarence akatazama mlango wa jiko, akatazama sahani yake.

"Miaka yote hiyo? Nami nakugombeza?"

"Uliwagombeza wote. Nilitaka niwe mmoja wao."

Nilitegemea Uncle Clarence aseme neno la maana. Aliweka sahani chini ikiwa bado imejaa, akatoka kabla yetu. Tulipofika jukwaani tukakuta amebeba stendi yake ya noti mwenyewe, ameigeuza, sasa bega moja liko kwa wageni na uso uko kwa Baba Cele. Toka siku hiyo alipotaka kurudia aliinua kiwiko, alipotaka kumaliza aliinamisha mdomo wa saksafoni. Meneja alikuja kumwuliza mbona anawapa wageni bega. "Bendi kubwa zote za zamani zilikaa hivi," Uncle Clarence akamjibu, uongo mtupu, na uso mkavu.

Tulikaa vizuri hivyo kwa muda. Ningependa niishie hapo.

Baba Cele alikuwa na kisukari. Wengi hapa wanacho, mnajua wenyewe kwenye nyumba zenu. Siku moja ukumbini, kabla hatujaanza, akaniambia, "Piga, Tanzania." Nikapiga. Akasubiri. "Piga basi." Nikamwambia nimepiga. Nikapiga tena, uzi mnene kabisa, mpaka vioo vya dirisha vikaitika. Aliitazama miguu yake juu ya mbao kama miguu ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

"Imelala," akasema. "Daktari alisema itaanza na ganzi."

Hakulia, wala mimi. Wenzetu wakaingia mmoja mmoja, wakafungua visanduku vyao, na tukafanya mazoezi. Alipiga akinitazama mkono bila kupepesa macho. Alimaliza amelowa, kama aliyekuwa anapakua lori.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua. Alimwambia Uncle Clarence atafute mtu, na Uncle Clarence akampata Zanele, binti aliyesomea jazz chuoni, mikono myepesi, adabu nyingi. Makubaliano yakawa Jumapili moja ya mwisho: nusu ya kwanza Baba Cele, nusu ya pili Zanele.

Siku hiyo Baba Cele alikuja na mkewe. MaNgcobo tulikuwa tunamsikia tu kwa jina. Alivaa kofia ya kanisani, akaketi meza ya mbele, mkoba mapajani, na hakugusa chakula. Nusu ya kwanza ilikwenda salama. Baba Cele alipomaliza alisimama, akamshushia Zanele kiti kimlingane, akampa vijiti vyake kwa mikono miwili, akashuka jukwaani akishika ukuta.

Nilidhani anakwenda kuketi. Alikwenda mpaka kwa MaNgcobo, akamnyooshea mkono.

Pascal akaniegemea. "Banasema walijuana kwenye dansi," akanong'ona. "Muzee iko kwa ngoma, mama anacheza na bengine. Miaka yote. Hajacheza naye hata siku moya."

Fikirini. Mtu amewachezesha watu maisha yake yote, na mkewe anacheza na wengine kwa mdundo wake.

Uncle Clarence akaita namba, ile ya polepole. Zanele akahesabu, tukaingia. Wakaanza kucheza. Yeye hasikii, miguu haihisi, kwa hiyo alimfuata mkewe. MaNgcobo alimshika mkono mmoja na kiuno, akamwongoza kama mtu anayeegesha gari kubwa mahali padogo, bila haraka, midomo yake inahesabu ili aione. Wageni wengine wakawapisha. Tulipofika mwisho Uncle Clarence aliinua kiwiko: rudieni. Tukarudia. Akainua tena. Sikumbuki tulirudia mara ngapi. Machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kwenye saksafoni, na hakuna hata noti moja iliyotetemeka. Kazi ni kazi.

Wimbo ulipokwisha Baba Cele alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, anajifuta uso kwa kitambaa. Nikainama ili anione midomo.

"Ilikuwa namba gani?" akaniuliza.

"Kumi na saba."

Akafikiri. "Mlikimbia."

"Umejuaje?"

"MaNgcobo alikuwa anahema."

Akaniacha, akaenda kuketi na mkewe, na hatimaye wakaanza kula. Nikamgeukia Zanele, nikamwambia alichosema mzee. Aliitikia kwa kichwa, akarekebisha kiti, akavuta pumzi. Uncle Clarence akaita namba nyingine, na hiyo hatukuikimbiza.